Safu ya Mzee Nyange

Baraza ya duka la Devji hapa Wete hukaa watu wanne, na leo baada ya Alasiri tulikuwa watatu: Mizani, aliyekuwa mpima karafuu, Redio, asiyekosa habari, na mimi, wanayeniita Kimya. Nafasi ya nne ni ya Mzee Nyange. Alikuwa mvuvi, mjane, anaishi peke yake, na mwaka jana kiharusi kilimpiga upande mmoja. Jumatatu hospitali walimpima kusimama. Leo asubuhi kaanguka chumbani kwake, kavunjika nyonga. Kahawa tuliinywa, lakini ladha sikuiona.

— Kipimo kile ndicho kilomharibu, alisema Mizani. Ntu mzima aambiwa fumba macho, simama. Nani asimama kafumba macho?

— Akaambiwa aokote kiatu, alisema Redio. Kisha asimame kwa nguu mmoja.

— Alama thelathini na moja kati ya hamsini na sita, alisema Mizani. Wakaandika asiachwe peke yake.

— Yule bwana wa mazoezi alompima bahari haijui, yakhe. Nyange kasimama kwenye mtumbwi miaka arubaini. Sakafu ikitulia ndiyo inomwangusha. Wangelimpima ngalawani angelipata zote.

— Na chumbani kwake kumetulia zaidi.

— Basi ndo maana kaanguka.

— Msikitini hajayumba hata siku moja, nikasema mimi.

Hayo ndiyo tuliyomwambia bintiye kwa simu Jumatatu: babako mzima, aswali nasi kasimama, usije ukamhamishia kwako Unguja. Habari za alama hatukumtajia. Tulimpenda mzee wetu, tukaogopa kumkosa hapa barazani.

Mara Mwatima, binti mwenyewe, akatokea akitoka bandarini, begi mkononi.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana.

— Mlinambia aswali kasimama.

— Wallahi asimama, alisema Mizani. Mie kuliani kwake, Kimya kushotoni, bega kwa bega. Hata akinilalia, mie najikaza tu.

Na mimi hunilalia, kila rakaa. Sikuwahi kumwambia mtu.

Mwatima aliliweka begi chini.

— Leo kaanguka akiswali Dhuha. Sasa nambieni, kule chumbani alisimama baina ya nani na nani?

 Mimi nilikuwa nimejishika bega la kulia.