Seu Anselmo, Aliyetufungulia Majumba ya Matajiri

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti, Bwana Anselmo Quaresma, Seu Anselmo kwetu sote, anatuaga baada ya miaka thelathini na moja katika kampuni yetu ya filamu ya Lanterna Azul, hapa São Paulo. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyumba za kupigia picha. Na kwa kuwa waongozaji wetu hawachoki kutengeneza filamu za kuwasema matajiri, nyumba zenyewe zilikuwa za matajiri haohao.

Wengi mmeuliza aliwezaje. Alikuwa akimsimulia mwenye nyumba kisa chote cha filamu bila kuficha. Tajiri anacheka mpaka machozi, anasema, "Huyu ni wifi yangu kabisa!" na funguo anatoa. Hakuna hata mmoja aliyejiona mwenyewe.

Kule mtaa wa Morumbi, bwana mmoja alituruhusu kupiga picha kwenye bwawa lake la kuogelea, filamu ya kukemea uchoyo, ila choo chake tusikiguse. Seu Anselmo akaenda kumnong'oneza jirani. Jirani alitufungulia vyoo vyake vyote kwa raha ya kumsengenya mwenzake.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa nyumbani kwa bibi mmoja tajiri, Dona Heloísa, mtaa wa Jardim Europa. Filamu ilihusu mpishi anayekula amesimama jikoni miaka nenda, miaka rudi. Jiko lilikuwa la Dirce, mpishi wa nyumba ile, na ndiye aliyemfundisha mwigizaji wetu kupika maharage. Dirce aliomba jambo moja tu: aione filamu hiyo ameketi, mwanzo hadi mwisho. Seu Anselmo akamwahidi.

Siku ya uzinduzi ilipokaribia, Dona Heloísa alisema Dirce atabaki nyumbani kukaanga vitafunio vya wageni. Seu Anselmo hakubishana. Aliisifia sebule ya Dona Heloísa mpaka mwenyewe akaomba filamu ionyeshwe palepale. Kisha akamkalisha Dirce kiti cha mbele, akimhakikishia Dona Heloísa kwamba waandishi wa habari watapenda.

Filamu ikafika pale bibi mwenye nyumba anapoagiza kahawa. Dona Heloísa, huku akijifuta machozi kwa kumhurumia mpishi wa kwenye filamu, akainama mbele: "Dirce, mama, na sisi kahawa basi." Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Dirce akaanza kunyanyuka.

"Kaa, dada," Seu Anselmo akamwambia. "Bado haijaisha."

Akaenda jikoni mwenyewe. Kahawa ile haikunyweka. Lakini Dirce alitazama mpaka majina ya mwisho yakapita, lake likiwamo, na alilia bila kujificha.

Kesho yake Dona Heloísa alipiga simu ofisini. Alisema filamu imemgusa sana, na wifi yake lazima aione.

Seu Anselmo, asante kwa uungwana wako na kwa ujanja wako. Huko Santos uendako, tunakuombea mapumziko mema na nyumba ambayo hutambembeleza mtu akufungulie. Wenzangu, tukutane ukumbini saa kumi. Dirce, ambaye sasa ameacha kazi kwa Dona Heloísa, atakuwa kiti cha mbele. Kahawa ataletewa hapohapo alipokaa, na tumekubaliana sote kwamba Seu Anselmo asiiguse.