Papa Osée Anaenda, Kilima ya Kilo Inabakia na Nani?

Ninyi vijana wa bureau, muone haya kidogo. Muzee hajatoka hata mulango, mumeshaanza kugombania meza yake na kiti yake ya kuzunguka. Kazi yake, sijasikia mutu hata moja anaigombania.

Papa Osée Lokana anaingia retraite, anapumzika kazi, tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na ine ya kufukua vitu vya watu wa zamani na kulinda pori ya Ituri. Mimi mwenye kuandika haya, na kuwasomea hapa kwa karamu ya kumuaga, ni Mama Léonie. Niko naosha mawe na vipande vya vyungu hapa tangu wajukuu wangu hawajazaliwa. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu wa primaire, lakini hii kazi ninaijua.

Mwaka wangu wa kwanza Papa Osée alileta chungu moja kutoka Kilo, mahali alikuwa anafukua, nyeusi kwa masizi. Nikakamata majani na muchanga, nikaisugua mupaka ikang'aa, vile mama yangu alinifunza. Kumbe ile masizi ndiyo wanapeleka kupima, wajue umri ya chungu. Papa Osée aliiangalia wee, akasema: «Mama Léonie, umeosha miaka mia sita.» Hakunifukuza. Alininunulia brosi ya meno, akanionyesha mahali pa kugusa na mahali pa kuacha.

Kule Kilo ndiko alipata kilima ya matanuru, mahali watu wa zamani walikuwa wanayeyushia chuma. Aliizungushia miti, na mawe ya mupaka aliyafukia chini, watu wasiyang'oe. Vita ilipofika alikimbia na madaftari ya kazi, akaacha godoro ya nyumbani. Muke wake, Mama Geneviève, hajamusamehe mupaka leo.

Sasa wachimbaji wa dhahabu wamekata miti ya upande wa muto. Shimo zao ziko karibu na tanuru ya kwanza. Na yale mawe, mwenye kujua yako wapi ni Papa Osée peke yake. Tangu wiki tatu yeye hatulii: anafunga karton ya vitu vyake, anaifungua tena, anauliza nani ataenda kuyaona. Munamujibu «tutaona».

Papa Osée, aksanti. Ulinifunza kazi bila kunichekelea mbele ya watu. Mungu akulinde pale kwako Saio, ukule mboga ya sombe ya moto na watu wako.

Na weye Solange, mwenye diplome na viatu vya bote vipya: Jumatatu inayokuja, saa moja asubuhi, panda pikipiki pamoja naye, muende Kilo. Akufukulie kila jiwe, uliguse na mukono yako, ulifunike tena. Sahani yako ya karamu ya leo niko nayo mimi, sikupatie mupaka ujibu. Simama kwanza, umwambie Papa Osée ndiyo, wote tusikie.