Mzee Kalisti na Lava Zilizopoteza Majina

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, Mzee Kalisti Mtui atastaafu rasmi baada ya kuitumikia Hifadhi yetu ya Miamba, ghala la sampuli za mawe hapa Lanham, Marekani, kwa miaka ishirini na sita. Waandaaji wa hafla hii wameomba wasifu mfupi na sahihi. Ufupi tumejaribu. Usahihi tunamwachia yeye, kwani hakuna tulichowahi kuandika ambacho hakukisahihisha.

Mzee Kalisti alizaliwa Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, akaja Marekani kusomea jiolojia, kisha akaajiriwa hapa kuwa mtambuzi wa miamba ya volkeno, yaani mawe yanayotokana na lava iliyomwagika juu ya ardhi na kuganda. Kwa wengi wetu mawe hayo ni meusi tu. Yeye huanza na rangi na uzito wake mkononi, akaja kwenye vitundu vilivyoachwa na gesi, mng'ao, na ukubwa wa fuwele, maana lava iliyopoa haraka haikupata nafasi ya kukuza fuwele kubwa. Mwisho hulilamba jiwe, kwa sababu likiloa huonyesha vizuri zaidi kilichomo. Wageni hushtuka. Sisi tumezoea, ingawa sijamwona mtu akiazima kikombe chake cha chai.

Sifa yake kubwa, nadhani, imo katika neno moja: "Sijasema." Ukimwuliza kama jiwe fulani si basalti, lava nyeusi iliyo ya kawaida kuliko zote, ataligeuzageuza na kukujibu hivyo, na anaweza kuendelea kukujibu hivyo mwezi mzima. Wakati mmoja alichukua nyumbani jiwe lenye vitundu vingi ili alifikirie mwisho wa juma. Mkewe, Mama Rosemary, alilikuta sebuleni, akaona ameletewa jiwe la kusugulia miguu, akalitumia. Lingali kabatini kwetu, na upande wake mmoja ni laini kuliko jiwe lolote la Hifadhi.

Lakini mwaka huu wa mwisho haukuwa wa utani mtupu. Majira ya baridi yaliyopita paa lilivuja juu ya makabati ya lava za Afrika Mashariki, na maji yakazibandua lebo zote. Masika yalipofika, Mkurugenzi alitangaza kwamba jengo litakarabatiwa, na kwamba jiwe lolote lisilo na jina ifikapo mwisho wa Juni litaondoka pamoja na kifusi. Kwa maneno mengine, mawe aliyoyatunza maisha yake yote ya kazi yangetupwa siku ileile anayoondoka yeye.

Alianza upya, jiwe kwa jiwe, lakini vumbi na gundi ya lebo vilimchelewesha. Ndipo waumini wa kanisa lake walipojitolea. Kazi hiyo ya pamoja Watanzania waliiita msaragambo, Wakenya wakaita harambee, na Jumamosi moja wote wakaja na miswaki na mabeseni. Njuguna, ambaye siku nyingine ni karani wa bima, alisugua kwa bidii huku akilalamika: "Mzee, mama akisikia nilivuka bahari nije kuosha mawe, atanitumia nauli ya kurudi!" Cherono, muuguzi wa wazee huko Oxon Hill, alisimamia ukaushaji, na akawa wa mwisho kuondoka.

Jumatatu Mzee Kalisti alifungua kabati, akakuta mawe yote yanang'aa kama watoto wa Misa ya Krismasi. Alichukua moja, akalilamba, akakunja uso. Cherono alikuwa ameyapaka yote mafuta ya mgando. Alipopigiwa simu hakuona kosa liko wapi: "Lakini Mzee, yalikuwa yamepauka! Mtu ameshaogeshwa, unamwachaje hivyo?"

Kosa lilikuwa zito. Mng'ao wa jiwe ni shahidi muhimu: hutenga kioo cha volkeno na lava isiyong'aa. Sasa mashahidi wote walikuwa wanatoa ushahidi mmoja, na wiki mbili tu zilibaki. Tulitazamia agombe. Alicheka mpaka akatafuta kiti, kisha akaomba maji ya moto na sabuni ya vyombo. Cherono na Njuguna walikuja kila jioni baada ya kazi, na safari hii Cherono alipekuliwa mkoba mlangoni.

Jiwe moja Mzee Kalisti alikataa lisioshwe tena. Ni bonge la kijivu lililokuwa limemshinda tangu paa livuje, lililoambiwa "Sijasema" mara nyingi kuliko mengine yote. Usuguaji ulikuwa umelitoa gundi, na mafuta yamelikoleza rangi, na ndani yake zikaonekana fuwele zenye umbo la uru wa karata. Jina likapatikana papo hapo: porfiri, yaani lava yenye fuwele kubwa zilizotawanyika ndani yake, ya aina ijulikanayo katika Mlima Kenya na katika Kilimanjaro.

"La kwetu hilo," alisema Njuguna, ambaye kwao ni Nyeri, chini ya Mlima Kenya. "Hata ukali wa sura ni wa Nyeri."

"Nyeri mna sura?" akauliza Mama Rosemary, aliyekuwa ameleta chai.

Mkurugenzi alitaka jina na asili. Kama Mzee Kalisti angeandika "Kilimanjaro", hakuna ambaye angepinga, na jiwe lingekuwa salama. Mimi mwenyewe nilimshauri hivyo. Nilielekea kuamini ni la Kilimanjaro, na bado naelekea huko, ila nikijichunguza naona ushahidi wangu mkubwa ni kwamba nampenda Mzee Kalisti, na huo si ushahidi wa kijiolojia. Yeye aliandika: "Asili haijathibitishwa." Mawe mengine yote yalipita. Hili Mkurugenzi alilishika muda mrefu, kisha akasema litabaki mwaka mmoja, likisubiri jiwe la kulinganishia kutoka Kilimanjaro. Mzee Kalisti akasema, bila kusita hata kidogo, kwamba akirudi Marangu atalituma hilo la kulinganishia.

Mzee Kalisti, kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa kazi, kwa subira, na kwa kutuzuia kusema mapema. Wewe na Mama Rosemary mwende salama Marangu, mkapate afya, migomba yenye mikungu, na wajukuu wanaojibu kwa Kiswahili. Ukipata jiwe mtoni nyuma ya shamba, lilambe kwanza, kisha ututumie. Likifanana na bonge letu, tutashangilia. Lisipofanana, tuandikie hivyohivyo, nasi tutakuamini.

Chelagat Rono
Hifadhi ya Miamba, Lanham