Pumzi Sitini na Nne

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mganga Mkuu wa Halmashauri. Shehe na Mchungaji mliotufungulia kwa dua na sala. Watumishi wenzangu mliotoka Kibondo kwa barabara mnayoijua wenyewe. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe dada Veronica uliyekaa pale karibu na mlango: nawasalimu nyote.

Nimemsikia mshereheshaji akisoma sifa zangu. Amesema mimi, Rabia, nilikuja Kasulu kutoka Kondoa nikiwa na miaka ishirini na saba, na leo nastaafu nikiwa na sitini. Ni kweli. Amesema katika miaka sita ya mwisho nimewapima kwa video wagonjwa zaidi ya elfu mbili wa zahanati za mbali, mimi nikiwa mbele ya kioo cha kompyuta hapa mjini, wao wakiwa mbele ya kishikwambi kule kijijini. Hiyo nayo ni kweli. Kisha akasema kwamba katika kazi hiyo sikupoteza mgonjwa hata mmoja kwa kosa langu. Hapo naomba radhi, kwa sababu si kweli, na anayejua hivyo kuliko wote ni mimi.

Ilikuwa Aprili ya mwaka juzi, mvua zikiwa zimekolea. Saa tisa alasiri alinipigia muuguzi wa zahanati moja ya upande wa Kibondo, jina lake Anania. Alikuwa na mtoto wa miezi kumi na minne, Asnath, mwenye homa na kikohozi kwa siku tatu. Mama yake alikuwa amempakata. Mama huyo ndiye Veronica.

Wenzangu wa afya mnajua tunavyofanya. Unamfunua mtoto kifua, unahesabu kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Nilihesabu kwenye kioo nikapata thelathini na nane, idadi isiyotisha kwa umri ule. Anania akasema yeye amepata sitini na nne, na kwamba mbavu zinabonyea kila mtoto anapovuta hewa. Aliomba gari la wagonjwa. Nikamjibu kwamba mimi sioni mbavu zinazobonyea.

Akaniambia, "Daktari, mimi nimeweka mkono kifuani. Kwako picha inaganda."

Ndugu zangu, alikuwa anasema kweli. Picha ilikuwa inaganda, sekunde mbili, sekunde tatu, halafu inaruka. Kila ilipoganda mtoto alikuwa anahema na mimi sihesabu. Mtu aliyekaa miaka mingi kazini angeshindwaje kulijua hilo? Sikushindwa. Lakini gari lilikuwa moja, lilikuwa limetoka kuchomolewa kwenye tope, dereva hajala, na mimi sikutaka kulirudisha barabarani kwa ajili ya mafua. Nikamwambia Anania asinifundishe kazi. Nikaagiza mtoto apewe dawa za kumeza, arudishwe nyumbani, aletwe tena asubuhi.

Asubuhi Veronica alimbeba mgongoni na kushika njia kwenye mvua. Mwendo ni wa saa moja na nusu. Ameniambia kwamba walipofika karibu na shule alihisi mtoto ameacha kukohoa, akafurahi, akaongeza mwendo. Anania ndiye aliyemfungua mbeleko. Asnath alikuwa ameshafariki.

Ikaundwa kamati. Anania alionyesha daftari lake, limeandikwa sitini na nne. Kwenye kompyuta yangu ilisomeka thelathini na nane. Wakadhani daftari limeandikwa baada ya msiba ili kujikinga, wakaniuliza mimi kama muuguzi aliwahi kunitajia hiyo sitini na nne.

Nikajibu, "Sikumbuki."

Nilikumbuka. Nilikumbuka neno kwa neno, kama ninavyowasimulia sasa. Kwa neno langu hilo moja Anania akafukuzwa kazi kwa kughushi kumbukumbu. Kijijini wakasema ameua mtoto. Mkewe, Nasma, akaacha kwenda kisimani mchana kwa kukwepa maneno. Mwishowe wakahama, wakarudi Muyama kwa wazazi wa Anania, na mimi mwaka uliofuata nikapanda jukwaani siku ya Mei Mosi kupokea cheti cha mtumishi bora. Mlinipigia makofi. Mlikuwa mnampigia nani?

Mwezi uliopita nilikwenda Muyama. Nilimkuta Anania akipalilia mihogo. Nilisema yote, naye alinisikiliza akiwa ameshika jembe, hakunikaribisha kukaa. Nilipomaliza aliniuliza kama nimeshamwambia mama wa mtoto. Nikasema bado.

"Ungeanzia kwake," akasema, akaendelea na palizi.

Siku ya pili nikaenda kwa Veronica. Alikuwa akimenya mihogo, na hakuacha kumenya mpaka nilipotaja neno lile nililowajibu kamati. Aliweka kisu chini. Halafu akasema, "Miaka miwili nimemlaani mtu aliyenitetea." Niliomba msamaha. Hakunipa, na sikumlaumu. Alinitaka kitu kimoja: niyaseme haya mbele za watu, kwa sababu Anania naye alifedheheshwa mbele za watu.

Ndiyo maana nimeyasema leo, siku mliyoniandalia heshima. Mganga Mkuu, asubuhi hii nimeacha barua masijala kwako, ina maelezo yangu yote na sahihi yangu. Naomba shauri la Anania lifunguliwe upya. Yeye ameniambia hatarudi kwenye uuguzi hata akisafishwa. Anataka jina lake tu. Na adhabu yangu, iwe ya kazi au ya mafao, nitaipokea bila kukata rufaa.

Ninyi madaktari vijana mtakaoketi kwenye kiti kile, kioo kinasaidia, wapo watu wanaotembea leo kwa sababu yake. Ila muuguzi akikuambia amemgusa mgonjwa na hali ni mbaya, mwamini yeye.

Dada Veronica, mwezi huu Asnath angekuwa na miaka mitatu na miezi minne. Nimehesabu, na nitaendelea kuhesabu. Sina cha kukurudishia zaidi ya ukweli, na nimeuleta ukiwa umechelewa.

Najua hamkuja hapa kwa ajili ya maneno haya, na chakula kinapoa. Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza mpaka mwisho.