Mama Yuko kwenye Mambo Mengineyo

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao na kreti mbili za soda, mbele ya saluni ya Ruphin na mkewe Laurette, South Beach, kwenye kona ambayo upepo wa bahari hukata na kuingia mjini bila kubisha hodi. Jumapili ibada ikiisha, wanaume huja na suti zao, Mama Gloriose huja na chupa yake ya kahawa ya tangawizi, na dunia hupangwa upya. Jumapili hii kulikuwa na neno: manispaa imewaita viongozi wa jamii za wahamiaji, wakae pamoja Jumatano, waseme sera ya wageni iweje. Kila jamii ilete msemaji mmoja. Ruphin alikuwa na jambo moja tu la kumpa huyo msemaji. Mama yake yuko kwao Uvira, kando ya ziwa, macho yanafifia. Na mwenye karatasi za ukimbizi akienda kwao, karatasi zinakufa. Hana tena njia ya kurudi Durban.

— Msemaji mmoja? aliguna Apollinaire, anayeitwa Ministre, yaani waziri, kwa sababu hata akiagiza kahawa huanza na “mabibi na mabwana”. Jamii yetu iko na marais watano!

— Na wewe ni yupi kati yao, papa? aliuliza Mama Gloriose.

— Mimi ni ule mwenye muhuri.

— Wapishi wengi huharibu mchuzi.

— Ndiyo hiyo, mama! Wapishi wakiwa wengi, hakuna atakayelala njaa. Tutaenda wote watano.

Ruphin akasogea.

— Papa Ministre, ukifika pale, sema habari ya wazazi. Mtu aruhusiwe kwenda kumwona mzazi, kisha arudi.

— Nitasema, mdogo wangu. Iko kwenye divers.

Ruphin akarudi kwenye kreti yake. Divers anaijua: ni mambo mengineyo, mkia wa kila mkutano wa jamaa zao. Kwanza sala, kisha hotuba, kisha ugomvi juu ya hotuba. Zamu ya divers ikifika, mwenye ukumbi anazima taa. Miaka yote hii mama yake amekaa hukohuko, kwenye divers, anangoja zamu.

— Mnajisumbua bure, alisema Doudou. Yeye hutengeneza simu pale Point, na kijiweni jina lake ni Satelaiti, maana habari humfikia kabla haijatokea. Akaendelea: ule si mkutano, ni mtego. Kiti cha msemaji kiko na waya chini. Ukikalia, mashine inasoma moyo. Ikiona moyo uko kwenu, wanakwambia sharp, haya basi, uufuate hukohuko.

— Eish! Nani alikwambia? aliuliza Ministre.

— Nilitengeneza simu ya fundi aliyepiga misumari kile kiti.

— Basi nitasimama! alisema Ministre. Nitasimama nidai bunge letu wenyewe, ndani ya meli, pale bandarini, tusigombane na mtu juu ya ardhi. Chanda chema huvikwa pete!

— Meli ya nini? alisema Mama Gloriose. Mimi nitawapikia hao wa manispaa sombe, kisamvu chetu, na ndagala, dagaa za ziwani. Wiki moja tu, nao wataanza kuota Uvira. Hapo ndipo sisi tutawatungia sera, waende kwao au wabaki.

Benchi likatikisika kwa kicheko. Ruphin naye alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Ndagala. Mama yake huzikaanga na vichwa vyake, husema kichwani ndimo ziwa lilimobaki.

Mlangoni mwa saluni, Laurette alikuwa akimsuka mteja mgeni, Bilha, mwanafunzi kutoka Kenya. Ministre akamgeukia.

— Dada, Kiingereza chako kimenyooka. Jumatano njoo utusemee.

— Mimi? Enyewe sina shida, alisema Bilha. Lakini nianze na gani?

— Na protokali!

— Na kile kiti!

Ruphin akasimama.

— Anza na mama. Sema mtu aende, akae na mama yake, ale naye, amwogeshe, amsikilize. Kisha arudi kazini kwake. Hiyo tu.

Safari hii hata Ministre hakutaja divers.

— Hiyo naweza kuisema, alisema Bilha polepole. Lakini wataniuliza, na lazima nijibu. Ukishafika kwa mama, akushike mkono... utarudi kweli?

Ministre, mwenye maneno ya harusi na ya msiba, akatazama ndani ya kikombe chake. Satelaiti akatazama robot ya kona, taa ya barabarani, ikageuka kijani, ikageuka nyekundu. Mama Gloriose akainamisha chupa, halikutoka tone.

Kichwani mwa Bilha, msuko ukiwa nusu, vidole vya Laurette vilikuwa vimesimama. Alikuwa akimtazama mumewe, naye akingoja jibu.