Joram Kambi, Mkwezi Ambaye Hakulionja Tembo

Ndugu waombolezaji, tumekusanyika hapa Takaungu kumsitiri Joram Kambi Ngumbao. Tunaomba utulivu, maana leo litasemwa lililonong'onwa vibaya alipokuwa hai.

Marehemu alizaliwa Mavueni mwaka 1931, mtoto wa pili wa Mzee Ngumbao na Mama Kadzo. Alisoma hadi darasa la nne. Babake alipofariki akashika panga, akaanza kukwea minazi.

Aliangua nazi katika mashamba ya Takaungu hadi maradhi yalipomshusha. Kabla ya kukwea aligonga shina kwa ubapa wa panga, akaita, "Chini hapo!" kisha akapanda akiimba nyimbo za kanisani. Mwenye shamba, Mzee Athman, alikuwa akimtania: "Huyu Kambi ataibatiza minazi yangu yote!"

Desemba 1956 alifunga ndoa na Priscilla Kahonzi. Mnazi uliwalisha, lakini tembo lake, ile pombe inayogemwa mnazini, marehemu hakulionja tangu abatizwe.

Mwaka 1983, akiwa katikati ya shina, dunia ilimzunguka. Alishuka kwa shida akiyumba, ulimi mzito. Hapa kwetu mtu wa minazini akiyumba hakuna anayeuliza. "Kautwika!" wakasema, yaani kalewa. Ulimi hauna mfupa. Wazee wa kanisa wakamzuia Meza ya Bwana, asishiriki mkate wala divai, wakaonya kwamba akifa hivyo hatasomewa sala. Hilo ndilo lililomkosesha Priscilla usingizi kuliko hata ugonjwa.

Akampeleka Mombasa kwa Daktari Msellem.

"Mama," daktari akamwambia, "sehemu ya nyuma ya ubongo ina chembe hai zinazoshika mizani ya mwili na kupanga hatua. Mwilini mna kemikali, serotonini, inayozituliza au kuzichangamsha ili mwendo ulingane. Chembe za mzee zinakufa pole pole. Hata serotonini ikija, zilizobaki za kuitika ni chache."

"Kwa hiyo si pombe?"

"Si pombe, wala si uchawi."

Daktari alimjaribishia Kambi dawa ambayo mwili huigeuza kuwa serotonini. Mikono ikatulia kidogo, maneno yakaeleweka. Lakini kukwea, daktari alikataa katakata.

Priscilla aliyarudisha maneno hayo kanisani. Mzee Phineas, mkali kuliko wazee wenzake wa kanisa, akacheka: "Serotonini! Ndilo jina la tembo la Mombasa?"

Lo! Mama wa watu akawaka. "Basi mchukueni! Ale kwenu, alale kwenu. Mkimwona na kibuyu, mzikeni kama mbwa. Msipomwona, mtamrudishia meza yake mbele ya watu wote."

Phineas alimchukua. Kambi alikwenda, na Priscilla akabaki nyumbani roho juu, akihofia mumewe asije akaanguka vibaya, akihofia zaidi ulimi wa watu.

Asubuhi moja, hana tumboni ila uji wa mtama, Kambi aliinuka jamvini, akapepesuka, akaanguka mlangoni na kupasuka paji la uso. Phineas akainama, akamnusa Kambi kinywa, mke wa Phineas akiangalia. Harufu ilikuwa ya uji tu. Akamwinua, akamfuta damu kwa kanzu yake mwenyewe, akalia kama mtoto.

Pasaka ya 1985 marehemu alirudishwa mezani. Mkono ulitetemeka, divai ikammwagikia kifuani. Hakuna aliyecheka. Shati lile Priscilla hakulifua tena.

Maradhi yalizidi hata kumeza kukamshinda. Alifariki nyumbani tarehe 9 Agosti 1987, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mjane Priscilla, watoto Kache, Ngala na Dama, wajukuu, na rafiki yake Mzee Phineas, ambaye ameomba mwenyewe kuongoza sala ya leo.

Mtakaopita kumuaga mtaona doa kwenye shati lake. Msinong'one. Si tembo, ni kikombe alichonyimwa akarudishiwa.

Bwana amlaze pasipoyumba.