Bembea ya Beit Nattif

Rizq, dereva wa teksi ya abiria saba kutoka Bethlehemu kwenda kambi ya wakimbizi, alikuwa na kanuni moja: abiria wakibishana, yeye hutega sikio na kufunga mdomo.

"Wafadhili wametujengea uwanja wa watoto," alisema mzee aliyeketi mbele. "Bembea za rangi, na chini zege. Zege! Mpita njia huchimbiwa msingi? Wanatuambia tukae hapa hapa, tusahau kurudi kwetu."

Mama aliyepakata mfuko wa bamia nyuma yake akacheka. "Mpita njia gani wewe, ami, hata wajukuu umewapatia hapa?"

"Usinichokoze, binti. Kwetu ni Beit Nattif."

Rizq alitabasamu kiooni. Kambini hata mtoto anyonyaye, ukimuuliza kwao, atakutajia kijiji walikofukuzwa babu zake, ambacho babake hajawahi kukikanyaga.

"Basi hujafika uwanjani," mama alisema. "Watoto wamezipa bembea majina ya vijiji. Kila mtoto hupanga foleni kwenye bembea ya kwao, na akifika juu hupiga kelele kwamba anakiona kijiji. Jana watoto wa bembea ya Zakariyya na wa Beit Nattif nusura watoane ngeu."

"Wanaona nini na ukuta ule unaoizingira kambi?"

"Kawaulize."

Rizq alijua kinachoonekana pale: ukuta, na matangi ya maji juu ya mapaa. Alisimamisha gari langoni mwa kambi.

Mzee alishuka bado kavimba. "Zege ni zege tu," alisema, akaushika mlango usifungwe. Kisha akainama dirishani kwa mama, sauti imeshuka.

"Ya kwetu ni ipi?"